Ramani ya inchi yetu, ufunguo wake uko kwa nani?

Mwisho wa mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, siku zile waasi wa M23 walipokuwa wanaingia mu Goma, ramani moja ilizimika. Haikuzimika kwa bomu wala kwa kukosa umeme. Ilikuwa ramani ya njaa ya FEWS NET, ile mashirika ya musaada yanafungua kusudi yajue chakula kimepunguka mu teritware gani, na wapi kitapunguka kisha miezi michache. Serikali ya Marekani ndiyo ilianzisha kazi hiyo mwaka 1985, wakati wa njaa kubwa ya Etiopia, na ndiyo inailipia. Donald Trump aliporudi kwenye utawala, feza za musaada kwa inchi za inje zikasimamishwa, na site ikafungwa. Ilirudi baadaye mwaka uleule, pole pole. Lakini siku zile watu wa Kivu walipokuwa wanakimbia na magodoro kichwani, mulango ule ulikuwa umefungwa toka Washington.

Hapa kwenye ofisi yetu tulizungumza jambo hilo, na mumoja wetu akatupa ulizo lililoonekana kama la mutoto: « Sasa ile karte ya njaa yetu, siye hatuna hata kopi yake? » Hatukuwa nayo. Na hata kama tungekuwa nayo, hakukuwa mutu kati yetu aliyejua namna ya kuipandisha tena kwenye intaneti. Ulizo hilo ndilo linatuandikisha leo.

Inchi yetu haikosi ramani, hapana. IPIS, shirika la Antwerpen mu Ubelgiji, tangu mwaka 2009 linaweka kwenye intaneti ramani ya migodi ya wachimbaji wa mikono mu mashariki ya Kongo: unagusa kitone, kinakuambia kama pale kunatoka zahabu ao koltani, na kama kuna watu wenye silaha. Mwaka 2017 Human Rights Watch na Groupe d'étude sur le Congo ya chuo kikuu cha New York walifungua Kivu Security Tracker, ramani ya mauaji na utekaji mu Kivu zote mbili. Global Forest Watch inaonyesha pori letu likikatwa. Sisi waandishi wa habari tunazitumia, na tungekuwa watu wasio na shukrani kusema ni kazi bure.

Lakini tuangalie namna kazi za aina hiyo zinagawanywa. Kijana wa kwetu anapanda pikipiki, anavuka muto, anafika kwenye shimo na GPS mukononi, anauliza, anaandika. Kazi ya miguu ni yetu. Kazi ya kupanga, ya kuchagua rangi, ya kuamua kitone gani kionekane na kipi kifichwe, mara nyingi inafanyiwa mbali. Kuna proje ndogo ndogo, hatutaji majina, ambazo zikiisha kijana anabaki na gile yenye alama na namba ya telefone isiyopokelewa tena. Anwani ya ramani aliyoitolea jasho haifunguki. Ukimuuliza iko wapi, anacheka.

Ku Lubumbashi tulikuwa na mufano mwingine, na ni vizuri kuukumbuka. Mwaka 2014 muji wetu ulikuwa mumoja wa miji ya kwanza kufanyiwa kazi na Médecins Sans Frontières na wenzao wa Missing Maps. Watu wa kujitolea Ulaya walichora barabara na nyumba kwa kufuata picha za satelite, kisha vijana wa hapa wakatembea avenyu kwa avenyu na makaratasi, wakaandika majina. Kazi yote iliingia kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia nzima ambayo Mwingereza Steve Coast alianzisha mwaka 2004 na ambayo mutu yeyote anaweza kuchukua, kunakili, kugeuza. Kwa hiyo majina yale hayakukufa. Ukifungua leo sehemu za Katuba ao Kampemba, jasho la vijana wale lingali pale. Ni kusema jambo si mugeni ao mwenyeji tu. Jambo ni kama ulichokusanya kinaweza kurudi mukononi mwako, na kama mukono wako unajua cha kukifanyia.

Ramani ya intaneti, kwa ndani, si muujiza. Ni vipande vya picha, kila kimoja pikseli 256 kwa 256, vinavyopangwa kama karo kwenye ukuta. Ukiangalia dunia nzima, karo ni moja. Ukikaribia hatua moja zinakuwa 4, hatua ya pili 16, na kwenye hatua ya kumi zimepita milioni 1. Telefone yako haichukui zote, inaomba zile tu zinazoingia kwenye kioo, na ndiyo sababu ukiwa na mega kidogo unaona zinajaa moja moja kama mayi ya robine mu saa ya mangaribi. Juu ya karo hizo unalaza vitu vyako: vitone, mistari, maeneo. Ukigusa kitone, maneno yanatokea. Basi.

(Karo hizo zinakuja na uongo wa zamani, tuuseme kwa kupita. Zimechorwa kwa namna ya Mercator, ambayo inanenepesha inchi za kaskazini. Juu yake Groenland inaonekana inameza Kongo mara nyingi, lakini Groenland ina kilometre za muraba karibu 2.166.000 na sisi tuna 2.345.000. Mwezi wa munane mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliunga mukono kampeni ya kuacha ramani hiyo. Vizuri. Lakini hata wakibadilisha ramani za ukutani mu masomo yote, kama hatujui kutengeneza zile za kwenye telefone tutabaki kulalamika.)

Mu majimbo yetu ya kusini ramani si mapambo. Kode ya migodi inagawanya inchi yote kwa miraba: upande wa kila muraba ni sekunde 30 za latitudo na longitudo, karibu metre 925, na eneo lake ni hektare 85 kasoro kidogo. Ruhusa ya kutafuta ao ya kuchimba ni hesabu ya miraba. Cadastre minier, CAMI, imeweka ramani ya ruhusa hizo kwenye intaneti, na mutu mwenye telefone anaweza kuifungua. Sasa muulize mama wa Kolwezi kama lupango yake iko ndani ya muraba wa mutu ao inje. Atakuambia atajua siku watu wenye kofia za plastiki watakapokuja kupima. Ku Kasulo, mwaka 2014, kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za watu. Walichimba mu lupango, walichimba mu chumba cha kulala, na miaka mitatu kisha sehemu ya kartie ikahamishwa na kuzungushiwa ukuta. Kila mutu alikuwa na maneno yake juu ya nani alikuwa na haki ya nini, na pale mahali. Ramani iliyo wazi, yenye majina ya avenyu sawa vile wenyewe wanayaita, na miraba imelazwa juu yake, haingezuia kobalti kuwa chini. Ingewapa watu maulizo ya kuuliza mbele ya siku ya kuhama.

Tena kuna feza. Sheria ya tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka 2018 inagawa redevance ya migodi hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao sheferi ambamo mugodi uko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Kobalti, kwa kuwa ilitangazwa madini ya maana sana, inalipa redevance ya 10 kwa mia. Fikirieni 15 kwa mia ya kitu hicho kwa sekta ambayo zamani ilikuwa inaishi kwa ushuru wa soko. Hapo mustari wa mupaka unageuka makuta. Na mupaka wenyewe uko wapi? Shefu huyu anakuja na fotokopi ya karatasi ya wakati wa Wabelgiji, ile inayosema mupaka unafuata kijito fulani mpaka kwenye kilima fulani. Shefu yule anakuja na fotokopi nyingine, na kijito kina majina mawili. Watu wanabishana juu ya makaratasi ambayo hayajawahi kulazwa moja juu ya ingine. Kulaza ramani moja juu ya ingine, hiyo ndiyo kazi ambayo ramani za intaneti zinafanya vizuri kuliko yote, na kijana mwenye akili anaweza kuijifunza kwa majuma machache. Haitamaliza mabishano. Itaonyesha yanaanzia kwenye kilometre gani.

Tunasema majuma machache kwa sababu tulijaribu. Tulichagua kitu kidogo, kisicho na shefu wala avoka: robine za watu wote na foraje za sehemu moja ya Katuba, zipi zinatoa mayi, zipi zimekauka, bei ya bido. Mu muji unaojua kolera hilo si jambo la muchezo. Mwalimu wetu alikuwa binti wa jirani, mwanafunzi wa informatike, aliyejifunza mengi usiku kwa telefone, wakati mega ziko bei ya chini. Alituambia tuanze na vitu vitatu: HTML, ambayo ni mifupa ya ukurasa, CSS, nguo zake, JavaScript, ambayo inaufanya ukurasa usikie mukono wa mutu. Juu ya hizo akaweka Leaflet, chombo cha kutengeneza ramani ambacho Vladimir Agafonkin wa Kyiv alitoa mwaka 2011. Ni cha bure, na uzito wake ni kilobaiti 42 hivi, chini ya foto moja ya harusi munayotumiana. Kwa mistari kumi hivi ya kode tulikuwa na Lubumbashi kwenye kioo, inasogea, inakaribia. Tulipiga makofi kama watoto.

Kisha tukaweka robine zetu, na zikapotea.

Mara ya kwanza zote zilirundikana pahali pamoja, mu pori, kilometre makumi tatu hivi mashariki ya Likasi. Tulikaa muchana muzima. Kosa lilikuwa hili: tulikuwa tumeandika orodha kwenye ordinatere yenye kusema Kifaransa, na Kifaransa kinaandika 11,66 kwa virgule. JavaScript inajua pointi tu. Ikikuta virgule inaacha kusoma. Kwa hiyo kila robine ya Katuba ilikuwa latitudo 11 kusini, longitudo 27 mashariki, moja juu ya ingine, na sisi tuliona moja tu. Hakuna kitabu cha Marekani kingetuonya juu ya hilo, kwa sababu wao hawana virgule yetu. Tulirekebisha, robine zikaenda Sudani, upande wa Kordofan, kwa kuwa tulisahau alama ya kutoa ambayo inasema tuko kusini ya ekweta. Tukarekebisha tena, zikaenda Sahara ya Magharibi. Hapo ilikuwa mupango wa namba: Leaflet inataka latitudo kwanza, lakini faili za GeoJSON, ambazo ndizo karibu kila mutu anatumia kwa kutunza vitone, zinaandika longitudo kwanza. Binti wa jirani alicheka mpaka machozi. « Papa, mayi yenu inafika mbali sana. »

Tunasimulia hayo kwa sababu moja. Mutu aliyepotezea robine yake mu Sahara hatadanganywa tena na namba zenye sura ya usomi. Tulijifunza, kwa mufano, kwamba namba mbili kisha pointi, 27.48, hatua yake moja ni zaidi ya kilometre 1. Ni zaidi ya upande wa muraba wa mugodi. Kwa hiyo karatasi yoyote inayokuambia pahali pa kijiji chako kwa namba mbili kisha pointi haiwezi kukuonyesha kama kijiji kiko ndani ao inje ya ruhusa ya mutu. Unahitaji nne, hapo hatua inashuka mpaka metre 11 hivi. Tangu siku ile tunasoma makaratasi ya aina hiyo na jicho lingine. Depute wa jimbo, shefu wa sekta, avoka wa wahamishwaji, wote wangefaidika na siku moja ya kupoteza robine.

Sasa, kwa nini vijana wengi hawafiki hapo? Watu wanataja umeme na bei ya mega, na ni kweli. Somo linakatika katikati ya video, na ukirudi umesahau. Wanataja Kiingereza, na ni kweli pia: kosa linakuja kwa maandishi mekundu, kwa Kiingereza, na mutoto aliyesoma kwa Kifaransa na kuota kwa Kiswahili anafunga ordinatere. Lakini sisi tunaona sababu ingine ambayo haisemwi sana, nayo ni semina. Sale ya hoteli, siku tatu, perdieme, foto ya wote, breveti. Tulikaa mu moja. Siku ya tatu kila mutu alikuwa na ramani nzuri kwenye ordinatere ya proje. Saa kumi ordinatere zikarudi mu masanduku na ramani zikarudi nazo. Hakuna aliyetuuliza tunataka kuonyesha nini na kwa nani. Walianza na chombo, na mutu asiye na ulizo hawezi kushika chombo. Kinamuponyoka siku perdieme inaisha. Vyuo vyetu havifanyi vizuri zaidi mahali ambapo programu inafundishwa ubaoni kwa choki. Tumekutana na wanafunzi waliopata alama 16 juu ya 20 bila kuandika mustari wa kode unaofanya kazi. Hatuwalaumu wao.

Kuna wanaotuambia kazi hii ni hatari, na wana haki kuliko wanavyofikiri wenyewe. Kitone kwenye ramani kinaita watu. Ukionyesha shimo jipya la wachimbaji, kesho kuna musururu wa wanunuzi, na keshokutwa kuna polisi. Ukionyesha mahali wakimbizi wamelala, hujui nani anaangalia. Inchi ina Kode ya dijitali tangu tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, na ndani yake kuna maneno juu ya kulinda habari za mutu binafsi, lakini sheria haitakaa karibu ya kijana wakati anaamua aweke ao asiweke. Sisi tuliondoa foraje zilizo mu lupango za watu, hata kama wenyewe wanauza mayi kwa jirani. Mama mumoja alikuwa ametuomba. Alisema watu wa taksi watakuja wakiona. Hatukuwa na neno la kumujibu, tukafuta. Mutu aliyekaa Antwerpen ao New York angejuaje kwamba kwa mama yule kitone cha buluu ni hatari? Labda angejua, kama angemuuliza yule wa pikipiki.

Tutaulizwa pia: na ramani yenu, ufunguo wake uko wapi? Tujibu bila kuona haya. Ukurasa wetu unalala kwenye servere ya bure ya kampuni ya Marekani, na karo za chini zinatoka kwa OpenStreetMap, ambayo servere zake zinaishi kwa michango. Siku wakitaka, wanafunga. Lakini faili zetu zote, kode na orodha na majina, zinaingia kwenye USB moja ambayo iko mu meza ya sekretere, na kopi ingine kwa binti wa jirani. Tukifungiwa asubuhi, tunajua kupandisha kwingine mbele ya mangaribi. Hatukununua servere, hatukuunda kompani, hatukungoja wizara. Tofauti yetu na ile ramani ya njaa ni USB na binti anayejua.

Jambo gumu si kutengeneza, ni kutunza. Ramani ya robine inazeeka haraka kuliko mukate. Juma la tatu kijana mumoja alipiga telefone, sauti ya kukasirika: « Yaya, karte yenu iko inasema bongo. Hapa kwetu munaweka rangi ya buluu, tuko tunangojea mayi tangu siku ya ine. » Tulimuuliza avenyu, namba, na kama robine ilikauka ao ilivunjika. Ilivunjika. Binti alifungua faili, akatafuta mustari, akaandika nyekundu pahali pa buluu, akapandisha. Kijana alikuwa angali kwenye laini. Tukamuambia afungue tena. Kimya kidogo, karo zikijaa moja moja. Kisha akasema: « Njo vile. Na ile ya kwa kona, karibu ya kanisa, nayo muiangalie. »